Mwenye Nyumba Ndani ya Kompyuta

Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa siku ya Ijumaa. Saa moja na dakika tisa asubuhi, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni moja ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta za wateja wake zisivamiwe na wezi, ilituma faili dogo la maelekezo mapya kwenye mashine za wateja wake duniani. Saa mbili na dakika ishirini na saba faili hilo likaondolewa. Hizo ni dakika 78 tu. Siku ya foleni daladala ya Mbagala haijafika Mwenge. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Microsoft ilikadiria baadaye kwamba kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano. Kule Uingereza televisheni ya Sky News ilitoka hewani, na madaktari wengi wa mitaani hawakuweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa wao.

Asubuhi ile wengi walisema intaneti imekatika. Haikukatika. Umeme ulikuwapo, nyaya zilikuwapo, na kompyuta zenyewe, kama vyuma, zilikuwa nzima kabisa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha: programu ya ulinzi ilikuwa imekabidhiwa vitu 20, faili jipya likaiambia itazame cha 21. Cha 21 hakikuwapo. Programu ikanyoosha mkono na kusoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya mashine, na mashine ikasimama.

Sasa, sisi sote tuliowahi kutumia kompyuta tunajua kwamba programu huanguka. Unaandika barua, mara dirisha linafungika lenyewe, unatukana kidogo, unalifungua tena. Kwa nini basi hii moja iliangusha mashine nzima, tena kwa namna ambayo mtu alilazimika kwenda mwenyewe mbele ya kila kompyuta na kulifuta faili lile kwa mkono? Jibu liko katika kitu kimoja ambacho watumiaji hawakioni, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba kipo. Wazungu hukiita kwa jina lenye maana ya punje iliyo ndani ya ganda. Mimi nitakiita kiini, kama kile cha yai.

Chukua nyumba ya kupanga ya Magomeni. Vyumba sita, uani mmoja, bomba moja, choo kimoja, mita ya umeme moja. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake. Mpangaji akigombana na mkewe wakavunja vyombo, hasara ni ya chumba chao. Lakini mwenye nyumba ana funguo za vyumba vyote, ndiye anayegawa zamu ya bomba, ndiye anayepokea mgeni mlangoni, na ndiye anayeamua nani atoke. Huyu akishikwa na wazimu usiku, hakuna atakayelala.

Programu unazozijua, ile ya kuandikia barua, ile ya picha, ile ya kutumiana ujumbe, zote ni wapangaji. Kiini ndicho mwenye nyumba. Na hapa si suala la heshima tu. Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu ndani ya mashine, ina ngazi za mamlaka zilizochongwa ndani yake na kiwanda. Katika prosesa za ukoo wa Intel, ngazi ya 0 ni ya kiini na ngazi ya 3 ni ya wapangaji. Mpangaji akijaribu kugusa diski moja kwa moja, au kuchungulia kumbukumbu ya jirani yake, prosesa yenyewe inamkatalia na kumwita mwenye nyumba aje aamue. Mara nyingi uamuzi ni kumtupa nje, na ndiyo maana dirisha lako la barua linafungika huku muziki ukiendelea kulia. Programu ya CrowdStrike ilikuwa imewekwa ngazi ya 0, kwa sababu mlinzi anataka kuona kila chumba. Kosa likitokea kule juu, hakuna mwingine wa kuitwa. Kiini cha Windows huchagua kusimamisha kila kitu, kwa hoja kwamba ni afadhali mashine ife kuliko iendelee kuandika upuuzi juu ya kumbukumbu za watu. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ya haki, ingawa aliyelala sakafuni uwanja wa ndege huenda asikubaliane nami.

Jambo hili linanikaa moyoni kwa sababu nina mpwa wangu, anasoma chuo hapa mjini, ambaye tangu mwaka jana ameamua kuandika kiini chake mwenyewe. Nilikwenda kumsalimu dada yangu kule Tabata, kijana akaniita chumbani. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na giza tupu na neno moja jeupe pembeni: HABARI.

"Miezi mitatu kwa neno moja?" nikamwuliza.

"Mjomba," akasema, "humu ndani hamna mtu mwingine. Neno hilo halikuandikwa na Windows. Nimeliandika mimi."

Nilikaa naye hadi magharibi, na haya ndiyo aliyonieleza, kwa kadiri nilivyomfuata.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa haijui chochote. Haijui kama ina diski wala kioo. Inakwenda kwenye anwani moja ya kumbukumbu iliyopangwa na kiwanda, na hapo inakuta programu ndogo iliyochomewa kwenye ubao wa mashine. Katika utaratibu wa zamani, ambao bado ndio rahisi kufundishia ingawa mashine mpya zina utaratibu mwingine, programu hiyo ndogo inasoma baiti 512 za kwanza za diski. Baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja. Kwa hiyo 512 ni kama aya moja ya gazeti hili. Inaangalia baiti mbili za mwisho. Zikiwa 85 na 170, inaamini kwamba imekuta mwanzo wa kiini. Inazipakia zote 512 kwenye kumbukumbu na kuziachia usukani. Zisipokuwa hizo, inakwambia haioni cha kuwasha. Ni kama neno la siri la mlangoni, lenye herufi mbili.

Na kuna kichekesho. Kwa utaratibu huo, prosesa ya kisasa yenye nguvu za ajabu inaamka ikidhani ni mwaka 1978. Ndiyo, inajifanya ni ile prosesa ya Intel iitwayo 8086 iliyotoka mwaka huo, na inaona kumbukumbu ya megabaiti moja tu. Sababu ni kwamba kiwanda hakikutaka kuwavunjia wateja programu zao za zamani, miaka ikapita, na mzigo haukutuliwa. Kazi ya kwanza ya mwandishi wa kiini ni kuiamsha prosesa hatua kwa hatua hadi ifike zama hizi. Kijana alisema hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu bado hujaandika hata herufi moja kwenye kioo na hujui umekosea wapi.

Herufi zenyewe zinaandikwaje? Mtu wa kawaida anayejifunza programu anaandika amri moja, "chapisha", na herufi zinatokea. Lakini amri hiyo ni ombi kwa mwenye nyumba, na hapa mwenye nyumba hayupo; ndiye tunayemjenga. Inabidi uende mwenyewe. Katika kompyuta za ukoo huu, kwa hali ya maandishi tu, kioo ni gridi ya safu 25 zenye nafasi 80 kila moja, yaani nafasi 2,000. Kila nafasi ina baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi. Gridi hiyo inaanzia kwenye anwani 753,664 ya kumbukumbu. Ukiweka namba 72 pale, inatokea H. Baiti inayofuata ukiweka 15, H inakuwa nyeupe juu ya weusi. Ukikosea anwani, hutaambiwa. Utakuwa umeandika H yako juu ya kitu kingine ambacho huenda utakihitaji baadaye, na mashine itakufa saa nyingine kabisa, kwa sababu isiyofanana na kosa lako.

Jinsi inavyokufa nako kuna utaratibu. Prosesa ikikutana na jambo lisilowezekana, inatafuta kwenye orodha maalumu ni nani wa kulishughulikia. Mshughulikiaji huyo naye akianguka, inamtafuta wa pili. Wa pili akianguka, prosesa inasalimu amri na mashine inajiwasha upya. Mpwa wangu kwa wiki kadhaa kompyuta yake ilizima na kuwaka, ikazima na kuwaka, kama taa ya umeme mdogo, bila maelezo. Bahati nzuri haikuwa kompyuta yenyewe. Iko programu ya bure iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, ambayo ndani ya kompyuta yako inaigiza kompyuta nyingine nzima. Unaiua ile ya kuigiza mara mia kwa siku, na ya kweli haipati hata mafua.

Baada ya herufi, kinachofuata ni masikio. Kibodi haitumi herufi kama tunavyodhani. Ukibonyeza A inatuma 30. Ukiachia inatuma 158. Ni kiini kinachojua kwamba 30 ni A, na kwamba kitufe cha herufi kubwa bado kimeshikiliwa. Kila kibonyezo ni hodi: prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inakwenda kumsikiliza anayebisha, kisha inarudi pale pale ilipoachia, kama mama anayepika huku akijibu hodi za wageni. Na kuna mgeni mmoja asiyechoka, naye ni saa. Kikonyo cha saa katika kompyuta hizi kinahesabu mara 1,193,182 kwa sekunde, na kisipoelekezwa vinginevyo kinabisha hodi mara 18 na kidogo kila sekunde.

Hodi hiyo ya saa ndiyo roho ya kila kitu. Prosesa yenye akili moja inafanya jambo moja kwa wakati mmoja, lakini wewe unaona muziki unalia, picha inapakuliwa na barua inaandikwa kwa pamoja. Ni ujanja wa zamu. Saa ikibisha, kiini kinaandika pembeni mpangaji wa kwanza alikuwa amefikia wapi, kinamwinua, kinamkalisha wa pili. Hodi inayofuata, wa pili anainuliwa. Kama hakuna hodi, mpangaji mmoja akishika bomba hataliachia mpaka ndoo zake zote zijae.

Hapo ndipo alipoanzia mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds. Mwezi Januari 1991, akiwa na umri wa miaka 21, alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386 kwa malipo ya kidogo kidogo. Alitaka kujua inavyofanya kazi, akaandika programu mbili, moja ikiandika A bila kukoma na nyingine ikiandika B, na saa ikizigawia zamu. Kioo kikajaa A, kisha B, kisha A. Hiyo tu. Akaigeuza kuwa njia ya kuifikia kompyuta ya chuo kwa simu. Akataka kuhifadhi mafaili, ikabidi aandike sehemu ya kusoma diski. Siku moja kwa bahati mbaya akaiamuru mashine ipige simu kupitia diski badala ya modemu, akaharibu mfumo wa Minix aliokuwa akiutegemea. Minix ilikuwa imeandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Badala ya kuupakia upya, Torvalds aliona kitu chake kimekwisha kukua kiasi cha kusimama chenyewe. Mwezi Septemba 1991 akakitoa hadharani, mistari ipatayo 10,000. Ndicho kiini cha Linux. Kufikia mwaka 2025 kilikuwa na mistari ipatayo milioni 40, na ndicho kinachoendesha kila simu ya Android, pamoja na hiyo uliyoiweka mfukoni wakati unanisikiliza.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Torvalds aliandika kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo, na tangu hapo C imekuwa lugha ya viini karibu vyote. Sifa yake ni kwamba inamwamini mwandishi. Ukisema andika kwenye anwani hii, inaandika. Ukiwa na orodha ya vitu 20 ukaomba cha 21, inakwenda kuchukua chochote inachokikuta pale. Mwaka 2019 wataalamu wa Microsoft walieleza kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya namna hiyo ya kumbukumbu. Hawa si wanafunzi. Ni watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na wanaojua vizuri kabisa kwamba 21 ni zaidi ya 20.

Lugha aliyoichagua mpwa wangu inaitwa Rust. Ilianzishwa mwaka 2006 na Graydon Hoare, mfanyakazi wa kampuni ya Mozilla, aliyekuwa akikaa ghorofa ya 21 huko Vancouver, Kanada. Siku moja alirudi nyumbani akakuta lifti imekufa, na si kwa sababu ya chuma bali kwa sababu programu yake imeanguka. Akapanda ngazi ghorofa zote 21 akiwaza kwa nini watu hawawezi kuandika programu ya lifti isiyoanguka. Wakazi wa maghorofa ya Kariakoo wataielewa hasira hiyo. Toleo la kwanza rasmi la Rust lilitoka Mei 2015.

Kanuni yake kubwa ni ya kuazimana. Kila kitu kwenye kumbukumbu kina mwenyewe mmoja. Mwenyewe anaweza kukiazimisha kwa watu wengi wakitazame tu, au kwa mtu mmoja akibadilishe, lakini kamwe si vyote viwili kwa pamoja. Daftari likiwa mikononi mwa anayefuta, hakuna mwingine anayesoma. Mwenyewe akiondoka, kitu kinatupwa, na anayejaribu kukitumia baada ya hapo anakataliwa. Kukataliwa huko kunatokea mapema, wakati programu inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kabla haijafika kwa mteja. Kijana anasema mtafsiri huyo ni mkali kuliko mwalimu wake wa hesabu.

Lakini msikilizaji usije ukadhani dawa imepatikana. Hebu rudi kwenye ile anwani 753,664. Hakuna mtafsiri anayeweza kujua kwamba pale ni kioo na si mahali pengine. Hilo analijua aliyesoma kitabu cha mashine. Kwa hiyo Rust inampa mwandishi mlango wa pembeni, sehemu anayoizungushia uzio na kuiandika waziwazi kwamba si salama, na humo ndani anawajibika mwenyewe. Kiini hakiandikiki bila milango hiyo. Faida ni kwamba, mashine ikifa, unajua pa kuanza kutafuta. Linux ilianza kuipokea Rust katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, na Desemba 2025 ukarekodiwa mwanya wa kwanza wa usalama katika sehemu yake iliyoandikwa kwa lugha hiyo, ndani ya uzio uleule.

Je, Rust ingeokoa Ijumaa ile ya Julai? Nimemwuliza kijana, akafikiri kwa muda. Ombi la kitu cha 21 lingekataliwa, hilo halina ubishi. Lakini programu iliyokataliwa ikiwa ngazi ya 0, na mwandishi hakuandika la kufanya baada ya kukataliwa, nayo inasimama, na mashine inasimama nayo. Safari zingefutwa vilevile. Kwa maneno mengine, kosa la lugha lilikuwa moja. La pili lilikuwa kumpa mlinzi funguo za mwenye nyumba.

Hili la pili ndilo alilolisemea Tanenbaum tangu Januari 1992, alipomwambia Torvalds kwamba Linux imepitwa na wakati kwa sababu imerundika kila kitu ndani ya kiini. Yeye alitaka kiini kidogo kabisa, na kazi nyingine zote zipewe wapangaji, ili mpangaji wa diski akianguka ainuliwe bila kuiamsha nyumba. Torvalds alijibu kwa ukali kwamba wa kwake unafanya kazi. Soko lilimpa ushindi Torvalds. Hata hivyo mwaka 2009 wataalamu wa Australia walitoa uthibitisho wa kihesabu kwamba kiini chao, seL4, chenye mistari ipatayo 8,700 ya C, kinatenda sawasawa na maelezo yake yaliyoandikwa. Kwa mistari milioni 40 hakuna atakayejaribu kazi hiyo. Na Microsoft yenyewe, Novemba 2024, ilitangaza mpango wa kuwezesha programu za ulinzi kufanya kazi nje ya kiini cha Windows. Mzee wa Amsterdam alisubiri miaka 32.

Wazee wa Linux nao hawakuipokea Rust kwa mikono miwili. Waliozoea C kwa miaka thelathini waliona wanaletewa mzigo wa kutunza lugha mbili katika nyumba moja, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana anayeandika leo huenda kesho hayupo, na kitakachobaki kitalelewa na wao. Mwaka 2024 mmoja wa viongozi wa upande wa Rust alijiuzulu akisema amechoshwa na mabishano yasiyo ya kitaalamu. Hata hivyo, katika mkutano wao wa Tokyo, Desemba 2025, walikubaliana kwamba Rust si jaribio tena.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. Kiini chake sasa kina mistari ipatayo 1,400, saa inabisha hodi, na kioo kimeanza kujaa A, kisha B, kisha A. Dada yangu alipoitwa kuona aliangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama inaweza kupiga taarabu. Bado haiwezi, sehemu ya sauti hajaanza kuiandika.